Makampuni ya simu Marekani yamerudi kwenye faiba kwa nguvu, na watu wa kebo wanatoka jasho (uzi mrefu)

FundiWaNyuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam zenu.

Kwenye uzi wa Starlink kuna mdau aliuliza kitu kikapita bila kujibiwa: ana ndugu wawili wapo Texas, kampuni ileile, spidi ileile, lakini mmoja analipa karibu mara mbili ya mwenzake. Akataka kujua ni utapeli au nini. Siyo utapeli mkuu, ni mtaa. Mmoja ana waya mbili za intaneti ya kasi, za kampuni mbili zinazoshindana, zinazopita mbele ya nyumba yake, mwenzake ana moja. Nitaeleza taratibu, maana hili jambo lina historia na lina vituko.

Mimi ni fundi wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, naziunga chini ya mkandarasi huku kaskazini mwa Texas. Siongei kwa niaba ya kampuni yoyote. Na bosi simsemi, kodi ya nyumba bado inanisubiri.

Kwanza mjue kwamba kwa miaka mingi nyumba ya kawaida ya Mmarekani imeingiwa na waya mbili za kampuni mbili tofauti. Ya kwanza ni ya simu, nyaya mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, zilizowekwa kubeba sauti. Ya pili ni ya kebo, waya mnene wa koaksia uliowekwa kuleta televisheni. Hiyo kebo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwenye miji iliyozibwa na milima, Pennsylvania na Oregon huko. Mtu anasimika antena kileleni, anashusha waya hadi majumbani, watu wanamlipa ili waone picha. Intaneti haikuwa kwenye mawazo ya yeyote.

Simu karibu yote ilikuwa ya AT&T ya zamani. Serikali ikaivunja, na tarehe 1 Januari 1984 zikatoka kampuni 7 za kanda. Nazo zikaanza kuoana na kumezana. Bell Atlantic ikaungana na GTE mwaka 2000, ikazaliwa Verizon. SBC ya Texas, mojawapo ya zile saba, ikakua mpaka mwaka 2005 ikamnunua mama yake mzazi, AT&T, ikachukua na jina. AT&T mnayoisikia leo ni huyo mtoto.

Intaneti ilipoingia, waya wa kebo ukaonekana kuwa bora. Shaba ya simu ina ugonjwa wa umbali, ukikaa kilomita kadhaa kutoka kituo cha simu, DSL, yaani intaneti ya waya wa simu, inakufikia ikiwa hoi. Koaksia ina nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2006 watu wa kebo wakatoa kiwango kinachoitwa DOCSIS 3.0: wakabadilisha modemu za wateja na mitambo ya upande wao, waya wenyewe ukabaki palepale ulipo, spidi ikapaa. Simu hawakuwa na njia rahisi kama hiyo. Kwao ilikuwa kulaza waya mpya, au kukaa waone wateja wakihama.

Naendelea.

ChaiNaVitumbua

Nimevuta kiti. Shusha nondo mkuu.

FundiWaNyuzi

Sasa tuje Keller. Ni mji mdogo karibu na Fort Worth, hauna jina kubwa, lakini kwenye biashara hii una historia. Verizon walianza kulaza faiba pale mwaka 2004, na Septemba 2005 wakawasha televisheni ya FiOS, jina la huduma yao ya faiba. Hii ilikuwa faiba mpaka ukutani kwa mteja. AT&T wakati huohuo walichagua njia ya bei nafuu: faiba mpaka kwenye kabati la mtaani, halafu shaba ileile ya zamani inamalizia safari. Wakaiita U-verse.

Wawekezaji wa Wall Street hawakuwapenda Verizon kwa uamuzi ule. Mpango ulikuwa kwamba hadi mwisho wa 2010 mradi uwe umekula kama dola bilioni 23 ili kupita mbele ya nyumba milioni 18. Gawanya, utapata karibu dola 1,280 kwa nyumba. Na kupita mbele ya nyumba ya mtu hakumaanishi atajiunga. Unaweza kuchimba mtaa mzima halafu nyumba sita kati ya kumi zikakwambia asante, tuna kebo.

Basi 2010 Verizon wakafunga breki. Miji waliyokuwa wameshasaini nayo mikataba wakaendelea nayo, wengine wakaachwa wanashangaa. Hela ikaelekezwa kwenye simu za mkononi. Mwaka 2013 wakakubaliana kuwalipa Vodafone dola bilioni 130 ili wachukue hisa zao zote ndani ya Verizon Wireless. Ndiyo, Vodafone huyuhuyu wa Vodacom na Safaricom. Hiyo ni hela ambayo ukiiweka kwenye faiba kwa bei ile ya 1,280 unapita nyumba milioni 100. Mimi nikiwaza hapo huwa nakosa usingizi, wenzangu wanasema nina matatizo.

Kilichofuata ndicho kituko. Verizon wakaanza kuuza maeneo. Mwaka 2010 wakauzia Frontier, kampuni nyingine ya simu, laini za majimbo 14. Mwaka 2016 wakauza tena, safari hii California, Texas na Florida, kwa dola bilioni 10.54. Keller ikaenda humo humo, pamoja na faiba yake ya kwanza kabisa. Makabidhiano yalikuwa vurugu, wateja wakakatikiwa, California wabunge wakawaita Frontier waje wajieleze. Madeni yakawalemea, na Aprili 2020 Frontier wakaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi wakiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 17.

Wakatoka ufilisini 2021, deni limepunguzwa kwa zaidi ya bilioni 10, na mkakati wa kwanza mezani ukawa mmoja tu: lazeni faiba. Wakalaza kwelikweli. Septemba 2024 nani akaja kutangaza kuwanunua kwa dola bilioni 20, madeni ndani? Verizon. Mei 2025 FCC, ile mamlaka ya mawasiliano ya huku, wakabariki.

Kwa hiyo waya wa Keller ulikuwa wa GTE, ukawa wa Verizon, ukawa wa Frontier, na umerudi kwa Verizon.

MseeWaRuiru

Na AT&T je? Hawa si ndio walinunua mambo ya sinema?

FundiWaNyuzi

Hao hao ndugu yangu. Mwaka 2015 walinunua DirecTV, televisheni ya setilaiti, kwa zaidi ya dola bilioni 48, wakati ambapo watu walishaanza kukata dishi. Mwaka 2018 wakanunua Time Warner kwa takriban bilioni 85, wakawa na HBO na CNN. Mwaka 2022 wakaitema.

Lakini kuna kitu kizuri kilitokea kwa bahati. FCC waliporuhusu ununuzi wa DirecTV waliweka sharti: lazima mfikishe faiba kwenye sehemu milioni 12.5 ndani ya miaka 4. Wakatekeleza, na walipomaliza wakagundua kwamba hicho walicholazimishwa kujenga ndicho kinacholeta wateja wanaolipa na wasiohama. Katikati ya 2025 walikuwa wamefikisha sehemu milioni 30. Mei mwaka huohuo wakatangaza kununua biashara ya faiba za majumbani ya Lumen kwa dola bilioni 5.75, na wakaweka lengo la sehemu milioni 60 mwisho wa 2030. Lumen nayo ni kampuni ya simu, zamani CenturyLink, iliyommeza Qwest, ambaye naye alikuwa ameimeza mojawapo ya zile saba.

Hata T-Mobile, ambao hawakuwahi kuwa na waya wa nyumbani Marekani, mwaka 2025 wameingia ubia na kuchukua kampuni za faiba za Lumos na Metronet. Ukiona kampuni ya minara inanunua mitaro, ujue kuna kitu wameona.

BintiKigamboni

Swali la kizembe samahani. Watu wa kebo nao matangazo yao yanasema faiba. Sasa tofauti iko wapi?

FundiWaNyuzi

Siyo la kizembe dada, matangazo yametungwa ili uulize hivyo hivyo.

Kebo wana faiba kweli, lakini inaishia kwenye boksi la mtaani. Kutoka pale hadi kwako ni koaksia, na njiani kuna vikuza mawimbi, yaani vifaa vinavyotumia umeme kuyasukuma mawimbi. Nyumba nyingi za mtaa zinagawana koaksia hiyo. Tatizo kubwa zaidi ni la kuzaliwa nalo. Mfumo ulijengwa kuleta televisheni, upande mmoja, kutoka kwao kuja kwako. Kurudisha kitu kutoka kwako kwenda kwao walikuja kukipachika baadaye, kwenye kipande cha chini kabisa cha masafa, kuanzia megaherzi 5 hadi 42. Ni barabara ya njia nane ya kuja na kichochoro cha kurudi. Ndiyo maana unakuta kifurushi cha kebo kinashusha megabiti 1,000 kwa sekunde lakini kinapandisha 35.

Kabla ya 2020 hakuna aliyejali. Korona ikaja, baba yupo kwenye mkutano wa video, watoto watatu kila mmoja na darasa lake, kichochoro kikafurika. Watu walijifunza maana ya kupandisha data ndani ya wiki moja.

Faiba ya simu inafanya kazi hivi. Kituoni kuna mtambo unaotoa mwanga. Mwanga unasafiri kwenye uzi mmoja wa kioo hadi kilomita 20 bila kifaa chochote cha umeme katikati. Karibu na mtaa wako kuna kigawa mwanga, kioo tu hicho, hakina betri wala swichi, kinaugawa mwanga mmoja kwa nyumba 32. Mwanga wa kuja una rangi yake na wa kurudi una rangi yake, zote kwenye uzi mmoja na hazigongani. Viwango vipya vinatoa gigabiti 10 (megabiti 10,000) kuja na 10 kurudi. Mtaa ukikatika umeme, wewe ukiwa na betri ya ruta na ya kile kiboksi cha ukutani kinachopokea mwanga, intaneti inaendelea.

Wacha niwaonyeshe kazi yenyewe, maana ndiyo naipenda. Ukichana ganda la kebo ya faiba unakuta vijibomba, na ndani ya kila kijibomba nyuzi 12. Kila uzi una rangi na mpangilio ni uleule nchi nzima: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, halafu ile bluu ya maji ya bahari. Fundi anauimba huo mpangilio usingizini. Unavua ganda la rangi, unabaki na kioo chenye unene wa maikroni 125, kama unywele. Unakifuta kwa alkoholi. Unakikata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa kabisa, kisha unalaza ncha mbili kwenye mashine. Kwenye skrini zinaonekana kubwa kama mabomba, mashine inazisogeza zenyewe zikutane, cheche moja ya umeme, tsss, vimeyeyuka vimekuwa kimoja. Unavalisha kijimkono cha plastiki, unakipasha moto, unahamia uzi unaofuata. Mia moja na arobaini na nne, kama ndiyo kebo uliyopewa.

Adui ni vumbi. Alama ya kidole kwenye ncha inatosha kumharibia mteja. Kugawa mwanga kwa nyumba 32 peke yake kunakula desibeli kama 17 (ndicho kipimo chetu cha nguvu ya mwanga), kwa hiyo huna cha kuchezea. Nikipima ukutani kwa mteja nataka nione hasi 18 hivi, hasi 20 si mbaya. Ikifika hasi 27 kile kiboksi kinaanza kuwasha taa nyekundu, na simu ya malalamiko inakuja kwangu Jumapili.

ChaiNaVitumbua

Tsss 😂 Mkuu umenifanya nitamani kazi yako.

FundiWaNyuzi

Njoo Agosti, juani, nyuzi joto 40, ndani ya hema la kuungia. Utaniambia.

MamaTunu_Ohio

Mimi niongezee ushahidi wangu. Nipo Columbus. Kwa miaka nilikuwa na kampuni moja ya kebo, jina naliacha. Unaingia kwa bei ya ofa, mwaka ukiisha inapanda, ukipiga simu unaambiwa mama hiyo ndiyo bei. Modemu unakodi, kila mwezi inalipiwa mpaka umeinunua mara tatu. Nililalamika mpaka nikachoka. Siku vijana wa faiba walipoanza kupaka rangi ya chungwa kwenye nyasi za mtaa wetu, kabla hata hawajachimba, ile kampuni ikanipigia yenyewe. Eti wana mpango mpya kwa ajili yangu, modemu bure. Nikamwambia yule kijana wa simu, mwanangu, miaka yote ulikuwa wapi?

FundiWaNyuzi

Mama Tunu, hiyo rangi ya chungwa ndiyo alama ya mawasiliano, huku kila kilicho ardhini kina rangi yake: nyekundu umeme, njano gesi, bluu maji. Watu wa kebo wana macho, wakiona chungwa wanajua.

Na ulichokisema kipo nchi nzima. Chukueni mfano wa Comcast, kampuni kubwa ya kebo. Majimbo mengi waliweka kikomo cha data cha terabaiti 1.2 kwa mwezi, ukizidisha unalipia. Lakini kaskazini mashariki, kule ambako FiOS ya Verizon imetapakaa tangu mwanzo, kikomo hakikuwepo. Mwishoni mwa 2020 wakatangaza kukipeleka na huko. Watu wakapiga kelele, wakasogeza mbele, wakasogeza tena, mwisho kikayeyuka. Mitambo ni ileile na kampuni ni ileile. Kilichokuwa tofauti ni jirani.

Sasa hivi wanapoteza wateja waziwazi. Robo ya kwanza ya 2025 Comcast walipoteza wateja 199,000 wa intaneti. Charter, wanaojiita Spectrum, robo ya pili wakapoteza 117,000. Hawa ni watu ambao kwa karibu miaka 20 hawakujua kupoteza ni nini. Aprili 2025 Comcast wakaja na ahadi ya bei isiyobadilika miaka 5. Mei, Charter wakatangaza kuungana na Cox kwa dola bilioni 34.5. Hapo lazima niwe mkweli: si faiba peke yake iliyowaumiza. T-Mobile na Verizon wanauza pia intaneti ya nyumbani kwa mawimbi ya 5G, unachomeka kiboksi dirishani, basi. Wateja wengi wa kebo wenye kubana matumizi wamekimbilia huko. Simu zimewabana kebo kwa juu na kwa chini.

Kebo nao hawajalala. DOCSIS 4.0 inaahidi gigabiti 10 kuja na 6 kurudi juu ya koaksia. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani inabidi ubadilishe vikuza mawimbi mtaa kwa mtaa, na hiyo nayo ni hela na muda.

Kivu_Louisville

Ndugu zangu, mimi ni Mkongo, niko Louisville, Kentucky, huku Kiswahili unakisikia hadi kwenye basi. Musisahau Google Fiber. Sisi ndiyo tuliona maajabu. Walikuja na mbinu ya kuchana lami mfereji mwembamba, kina cha inchi 2 tu, wanalaza faiba, wanaziba juu. Baridi ikaja, magari yakapita, ile gundi ikaanza kutoka, nyuzi zinachungulia barabarani. Mwezi wa 4 mwaka 2019 wakazima huduma wakaondoka muji wote, na wakakubali kulipa muji dola milioni 3.84 kwa kutengeneza barabara. Inchi mbili! Hata muhogo haupandwi hivyo.

FundiWaNyuzi

😂😂 Kaka umeniua.

Lakini tuwape haki yao. Google walipotangaza Austin mwaka 2013, siku ileile AT&T nao wakasema watajenga faiba ya gigabiti Austin. Siku ileile! Google hawakuwahi kuwa wakubwa kwenye biashara hii, ila popote walipotishia kwenda, simu na kebo wote wawili waliamka.

Na ujue kwa nini walikimbilia mbinu za kuchana lami. Ni kwa sababu ya nguzo. Ukitaka kupitisha waya wako kwenye nguzo ya mtaani, waya zilizopo lazima zisogezwe kwanza, na kila mwenye waya anakuja kusogeza wake kwa wakati wake. Mshindani wako ndiye anayekuwekea ratiba. Louisville na Nashville wakatunga sheria ya mji: fundi mmoja aliyeidhinishwa asogeze zote kwa mara moja. AT&T wakashtaki miji yote miwili, Nashville Comcast nao wakaingia. Mahakama Louisville ikaupa mji ushindi, Nashville ikaunyima. Mwaka 2018 FCC wakaja na kanuni ya nchi nzima ya kusogeza kwa mara moja. Kwa hiyo wakati mwingine mnaposikia kampuni za simu zinasifu ushindani, kumbukeni nguzo.

MchambuziHuru

Nimesoma kimya. Uzi mzuri ila mkuu unawapamba hawa wa simu. Wanajenga wapi? Vitongoji vya wenye hela. Nenda mitaa ya maskini au mashambani uone kama kuna hiyo chungwa yenu.

FundiWaNyuzi

Hapo sina ubishi mkubwa na wewe. Wanapiga hesabu ya nyumba ngapi kwa kila maili ya waya na wangapi watajiunga. Mtaa ukishindwa hesabu hiyo unarukwa, hata kama uko katikati ya jiji. New York City walisaini na Verizon mwaka 2008 wafikishe faiba jiji zima. Mwaka 2017 jiji likawapeleka mahakamani kwa kusema hawajafikisha. Novemba 2020 wakapatana: ongezeni nyumba 500,000, na mpeleke kwanza maeneo yaliyoachwa nyuma. Hiyo ni New York, siyo porini.

Porini kuna mfuko wa serikali ya shirikisho wa dola bilioni 42.45, ulitokana na sheria ya miundombinu ya 2021. Mwanzoni ulipendelea faiba. Juni 2025 masharti yakabadilishwa, setilaiti na mawimbi yakaruhusiwa kushindana kwa usawa, na majimbo yakaanza kurudia zabuni upya. Mpaka hapo miaka karibu minne ilikuwa imekwenda kwenye makaratasi.

MchambuziHuru

Na ile ruzuku ya serikali ya dola 30 ya kusaidia kulipia intaneti?

FundiWaNyuzi

Imekufa. Nyumba kama milioni 23 zilikuwa zinapata punguzo hilo kila mwezi, hela ikaisha, Juni 2024 ukawa mwisho. Wahamiaji wengi tulikuwemo. Faiba ikipita mlangoni na huna ya kulipia, imepita tu.

MchambuziHuru

Na shaba? Wanang'oa au wanawaachia wazee?

FundiWaNyuzi

AT&T wanataka waachane na shaba karibu kote mwisho wa 2029. California waliomba waondolewe wajibu wa kumhudumia kila anayetaka simu ya mezani, Juni 2024 tume ya jimbo ikakataa. Kuna wazee milimani ambako simu ya mkononi haishiki, moto wa msitu ukija ile simu ya shaba ndiyo inalia. Mimi nimekutana nao, na mbele yao huwezi kuringa na gigabiti zako.

MchambuziHuru

Sawa. Nimekuelewa, ila bado sijakubali.

MseeWaRuiru

Hii kitu imetokea Kenya pia, mjue. Intaneti ya nyumbani Nairobi ilikuwa mambo ya Zuku, kampuni iliyokuja na televisheni ya kebo. Safaricom, watu wa simu, wakaingia na faiba yao wakawapita. Halafu wakatulia, spidi zikakaa palepale miaka. Julai 2023 Starlink ikafika. Septemba 2024 Safaricom wakaamka: wa megabiti 10 akapewa 15, wa 20 akapewa 30, wa 40 akapewa 80, na wa 100 akarushwa hadi 500, bei ileile. Hakuna mtu aliomba. Walikuwa na uwezo huo siku zote wakinyamaza.

BintiKigamboni

Kutoka 100 hadi 500 bei ileile? Kwa hiyo tulikuwa tunanyimwa tu.

Huku kwetu TTCL wana Faiba Mlangoni Kwako, na wenyewe ni watu wa simu za mezani kwa asili. Kwangu haijafika lakini nimeona wanachimba mtaa wa pili. Naombeni mje na rangi ya chungwa mnipakie nyasi zangu labda mwingine atashtuka.

FundiWaNyuzi

Nitakutumia kopo.

Juma_anahamia

Mkuu mimi nahamia Dallas mwezi ujao na familia, tumepata apatimenti. Nifanyeje nisipigwe kwenye hii intaneti?

FundiWaNyuzi

Karibu sana Juma. Kabla hujasaini apatimenti, ingia kwenye ramani ya intaneti ya FCC, weka anwani kamili ya jengo, itakuonyesha kampuni zipi zinadai kufika hapo na kwa teknolojia gani. Nimesema zinadai. Ukiona imeandikwa faiba, piga simu uwape namba ya chumba, siyo ya jengo, maana kuna majengo faiba imefika getini ikaishia hapo.

Muulize mwenye jengo kama intaneti ipo ndani ya kodi. Majengo mengi yana mkataba wa jumla na kampuni moja na unalipa utake usitake. FCC walifikiria kuzuia hilo 2024, wazo likafutwa mapema 2025. Kwa hiyo ukikuta lipo, huna la kufanya zaidi ya kulijumlisha kwenye kodi na kulinganisha na jengo la jirani.

Kila kampuni kubwa tangu Aprili 2024 inatakiwa ikuonyeshe lebo ya bei, imepangwa kama ile ya nyuma ya pakiti ya chakula. Soma bei baada ya ofa kuisha, soma spidi ya kupandisha, soma kodi ya vifaa. Kama kupandisha ni 20 au 35 na kushusha ni 500, hiyo ni koaksia hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake. Familia ya watu wanne haihitaji gigabiti, chukua 300 inatosha, hela inayobaki nunua ruta nzuri.

Na fundi akija kufunga, mwambie akuonyeshe kipimo cha mwanga kabla hajafunga kiboksi. Akisita, mwambie asafishe ncha apime tena. Siyo ugomvi, ni kazi ya dakika mbili, na wengi wetu tukijua mteja anafahamu tunasafisha bila kuambiwa.